Komitas, Yatima Aliyeandika Nyimbo za Waarmenia

Somo kwa wanakwaya na walimu wao. Soma kwanza Zaburi 137.

Wapendwa, katika Zaburi hiyo mateka wanaombwa waimbe, nao wanauliza wataimbaje ugenini. Leo tulitazame swali hilo kwa njia ya Komitas, padri na mwimbaji wa Kanisa la Armenia.

Alizaliwa mwaka 1869 katika mji wa Kütahya, Uturuki ya leo, akaitwa Soghomon. Mama alifariki yeye akiwa mchanga, baba akafuata alipokuwa na miaka 11. Mwaka 1881 alichaguliwa kati ya mayatima wengine apelekwe kusoma seminari huko Etchmiadzin, makao makuu ya kanisa lao. Lakini Waarmenia wa Kütahya walizungumza Kituruki. Inasimuliwa kwamba mkuu wa kanisa alipomsemesha kwa Kiarmenia, kijana hakuweza kujibu, ila alisema anajua kuimba. Akaimba wimbo wa ibada kwa Kiarmenia, maneno ambayo yeye mwenyewe hakuyaelewa, mpaka mzee akatokwa na machozi. Akapokelewa.

Hapo tusipite haraka. Nyumbani lugha ilikuwa imekwisha, ila wimbo ulikuwa bado upo kanisani. Nadhani ndiyo sababu maisha yake yote alijali sana maneno ya wimbo.

Alimaliza masomo mwaka 1893 akawa mwalimu wa muziki na kiongozi wa kwaya. Alipopewa upadri aliitwa Komitas, jina la kiongozi wa kanisa wa karne ya 7 aliyetunga tenzi. Toka 1896 hadi 1899 alisoma muziki Berlin, kisha akarudi kufundisha.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuandika. Vitabu vya zamani vya kanisa vilikuwa na alama juu ya maneno, ziitwazo khaz, za kuonyesha sauti ipande au ishuke. Ufunguo wake ulikuwa umesahauliwa. Wazee waliimba kwa kukumbuka tu, kila mahali kwa namna yake. Komitas alizichunguza alama hizo miaka mingi. Pia alizunguka vijijini akiandika nyimbo za kulima, za harusi na za maombolezo, maelfu kwa jumla. Alijua mkulima huimba vizuri akiwa nyuma ya ng'ombe wa jembe, siyo akiketishwa sebuleni aombwe kuimba, kwa hiyo alisikiliza watu wakiwa kazini.

Mmoja wa wanafunzi wake, Armenak Shahmuradian, alifika kuimba katika opera ya Paris. Mwaka 1912 mwalimu na mwanafunzi walirekodi nyimbo pamoja katika mji huo, na sauti zao zinasikika hadi leo.

Mwaka 1910 Komitas alihamia Konstantinopoli (Istanbul), akaunda kwaya ya watu 300. Wako viongozi wa kanisa waliochukizwa kusikia nyimbo za ibada zikiimbwa kwenye kumbi. Ubishi huo sisi wa kwaya tunaujua!

Tarehe 24 Aprili 1915 serikali ilikamata viongozi na wasomi wa Kiarmenia mjini humo, zaidi ya 200, na Komitas akiwa mmoja wao. Ndio mwanzo wa mauaji ya kimbari yaliyomaliza watu wengi mno. Yeye alirudishwa mwezi wa Mei pamoja na wachache, lakini akili ilikuwa imeumia. Aliishi katika hospitali za magonjwa ya akili, mwishoni karibu na Paris, hadi alipofariki mwaka 1935. Kazi ya kutunga aliiacha kabisa. Maandishi yake mengi yalipotea, pamoja na sehemu kubwa ya uchunguzi wa khaz.

Yaliyobaki yalishikwa na wanafunzi. Muziki wake wa Liturujia, kwa sauti za wanaume, ulichapishwa Paris mwaka 1933, mwenyewe akiwa bado hospitalini. Barsegh Kanachyan alikwenda Beirut akafundisha kwaya kati ya Waarmenia waliofukuzwa kwao.

Maswali ya kikundi: Katika kwaya yenu, ni wimbo gani unaojulikana na mtu mmoja tu? Nani ameuandika, maneno na sauti? Watoto waliozaliwa hapa kambini wakiuimba, wanaelewa wanachosema? Kila kikundi kilete daftari Jumapili ijayo.