Nyasi za Kando ya Barabara: Ardhi ya Umma, Panga Lako

Wengi walionunua nyumba Minneapolis, Chicago au Dallas huku kwao ni Tabora, Bukavu au Kisii hukutana na barua hii katika kiangazi chao cha kwanza: nyasi za anwani yako zimepita kimo. Mtu anatoka nje kuangalia. Za uani zimekatwa vizuri. Zilizoota ni zile za ukanda mwembamba kati ya njia ya waenda kwa miguu na lami, penye nguzo ya taa na mti uliopandwa na mji. Ndipo linapokuja swali ambalo safu hii huulizwa kila mwaka: kipande kile ni cha umma, kwa nini nikikate mimi?

Swali halina ubishi ndani yake, lina uzoefu. Aliyekulia Tanzania anajua hifadhi ya barabara ni mahali pa kukaa mbali napo. Ukijenga hapo, siku moja unakuta alama nyekundu ya X ukutani. Somo alilobeba mtu huyo kutoka nyumbani ni kwamba ardhi ya barabara ni ya serikali, na serikali itajua la kufanya nayo. Marekani sehemu ya kwanza ya somo hilo inasimama kwa kiasi, ya pili haisimami. Mji una haki ya kuutumia ukanda ule kwa barabara, mabomba na nyaya, lakini sheria ndogo za miji mingi zinamtwika mwenye nyumba inayopakana nao kazi ya kuutunza. Umiliki ni jambo moja, wajibu ni jingine. Hoja ya “si changu” haitakusaidia mbele ya mkaguzi wala hakimu, na bora usiipotezee muda.

Kimo chenyewe hupangwa na kila mji. Minneapolis kikomo ni inchi 8, yaani kama sentimita 20. Chicago ni inchi 10. Dallas ni inchi 12. Kwa hiyo ushauri wa binamu aliye Texas usiuchukue kama sheria ukiwa Minnesota. Piga 311, namba ya huduma za mji inayofanya kazi katika miji hiyo yote mitatu, uliza kimo ni kipi na kama uchochoro wa nyuma nao unahesabiwa. Huo wa nyuma ndio huwaponza wengi, maana hawaupiti. Kiingereza kikikupiga chenga, omba mkalimani wa Kiswahili.

Sasa tuje kwenye haki, na haki zako zimo ndani ya ile barua unayotaka kuitupa. Isome na kutafuta vitu vitatu: kifungu cha sheria wanachodai umekivunja, tarehe ya mwisho ya kurekebisha, na njia ya kupinga. Katika miji mingi ilani ya kwanza haina faini; inakupa siku chache ukate. Kata, kisha piga picha inayoonyesha ukanda wote pamoja na namba ya nyumba, na uihifadhi simuni ikiwa na tarehe yake. Usipokata, mji unaweza kumtuma mkandarasi. Atafika na mashine yake, atamaliza kazi kwa dakika chache, na bili yake, ikiwa na ada za ofisi juu yake, itakuwa kubwa kuliko ambayo kijana yeyote wa mtaani angekutoza. Huko Minneapolis bili hiyo isipolipwa hupandishwa kwenye kodi ya nyumba yako. Kama mkandarasi alikuja wakati wewe umeshakata, ile picha ndiyo rufaa yako.

Usidhani ni mambo madogo. Katika mji wa Dunedin, Florida, mwenye nyumba mmoja alisafiri mwaka 2018 kushughulikia mirathi ya mama yake. Mtu aliyekuwa akimkatia nyasi akafariki, nyasi zikaota, na faini ikahesabiwa dola 500 kwa siku hadi ikakaribia dola 30,000. Mji ukaanza hatua za kuichukua nyumba. Alikwenda mahakamani akidai kwamba faini ile ilipita kiasi, na mwaka 2021 akashindwa katika mahakama ya shirikisho. Kwa maoni yangu hukumu ile ni kali mno, lakini ndiyo iliyotoka. Anayesafiri kwenda Afrika miezi miwili na amwachie mtu kazi ya nyasi na ya kufungua barua pia.

Ngao ya kikatiba ipo hata hivyo. Mwaka 2019, katika kesi ya Timbs dhidi ya Indiana, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba katazo la faini zilizopita kiasi, lililo katika Marekebisho ya Nane ya Katiba, linayabana pia majimbo na serikali za mitaa. Ni silaha ya kumpa wakili, na kesi ya Dunedin inaonyesha haifyatuki kwa urahisi. Rufaa iliyowasilishwa kabla ya tarehe kupita ina nafuu kubwa kuliko hoja ya Katiba inayokuja baadaye.

Kuna mambo ambayo wajibu wa kukata haukupi. Mti ulio kwenye ukanda usiuguse. Minneapolis miti hiyo iko chini ya Bodi ya Bustani, na kuukata bila kibali ni kosa jingine kabisa. Ukitaka kupanda sukuma au mchicha hapo, uliza kwanza, na kabla jembe halijazama piga 811, waje kuweka alama palipopita gesi na nyaya. Huduma hiyo ni bure.

Texas ina hatari yake. Huko hati ya kosa la nyasi hupelekwa mahakama ya mji kama kosa dogo la jinai, na asiyefika siku aliyopangiwa anaweza kutolewa hati ya kukamatwa. Kwa asiye raia hilo ni zito kuliko faini yenyewe. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza habari za kukamatwa na za hati za makosa, kwa hiyo tunza risiti na karatasi ya kufungwa kwa shauri, na umwonyeshe wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza.

Mpangaji naye asome mkataba wake. Mji kwa kawaida humwandikia mwenye nyumba, lakini mkataba ukisema nyasi ni za mpangaji, mwenye nyumba anaweza kukudai alichotozwa. Mkataba ukinyamaza, mtumie mwenye nyumba ujumbe wa maandishi siku ileile unapoona nyasi zimepanda, umuulize nani anakata.