Ukuta Unaotoka Jasho: Mafunzo Saba ya Kupaka Rangi Nyumba Kongwe

Nyumba ya bibi imo ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja: orofa mbili za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene ambazo mtoto anaweza kulala dirishani, na dari za boriti za mikoko. Shangazi alipokuwa anamwoza binti yake wa mwisho, tukakubaliana nyumba ipate rangi mpya kabla ya harusi. Tukanunua rangi ya maji nyeupe, tukaita fundi, na kwa siku nne kazi ikaisha. Ukumbi uling'aa, wageni wakasifu.

Masika moja tu yakapita. Rangi ikatoka malengelenge, na kila ulipolipasua moja lilidondosha unga mweupe wenye ladha ya chumvi. Kazi tukairudia, mara hii kwa miezi mitatu, na haya ndiyo niliyojifunza.

1. Doa lina pa kutokea

Chini ya ukuta wa ukumbi kulikuwa na doa la unyevu lililofika usawa wa goti. Fundi alilipaka puti, akalipiga msasa, akapita juu na rola. Methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua. Sisi ufa tuliuziba, ila hatukuuliza umetokea wapi.

Raundi ya pili tulianza juu ya paa. Mfereji wa bati ulikuwa umeoza kwenye kona, na maji ya mvua yakiteremka moja kwa moja mgongoni mwa ukuta ule ule. Tukautengeneza, kisha tukasubiri. Ili kujua kama ukuta umekauka, tulibandika kipande cha nailoni cha futi moja, tukakiziba pande zote nne kwa gundi ya karatasi, tukakiacha kwa siku nzima. Kikiwa na matone upande wa ukutani, weka brashi chini.

2. Ukuta wa chokaa usiuvishe plastiki

Jirani alituletea mzee mmoja aliyefanya kazi ya chokaa tangu ujanani. Aliupapasa ukuta, akabandua gamba la rangi kwa ukucha, akanyamaza kidogo.

"Ukuta huu unatoka jasho, mwanangu. Na nyinyi mmeuvisha koti la mvua."

"Sasa tufanye nini, babu?"

"Mlivue."

Maelezo yake yalikuwa mepesi. Jiwe la matumbawe lina matundu, hunywa maji kutoka ardhini na kutoka kwenye hewa ya bahari. Lipu ya chokaa huyaacha maji hayo yatoke polepole. Rangi ya plastiki, kama ile ya maji tuliyopaka, huyazuia, na chumvi iliyoyeyuka ndani yake huganda nyuma ya rangi na kuisukuma. Saruji nayo ina kosa la namna hiyo. Pale tulipoziba mashimo kwa saruji, kiraka kilibaki kigumu kama chuma, huku lipu ya zamani iliyokizunguka ikimomonyoka. Viraka vyote tukavitoa, tukajaza chokaa na mchanga.

3. Kukwangua kunakula siku nyingi kuliko kupaka

Tulikwangua kwa wiki tatu, tukapaka kwa siku sita. Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta, kwa hiyo hakukuwa na njia ya mkato.

Ukikwangua taratibu, nyumba inajisimulia. Chini ya nyeupe yetu palikuwa na rangi ya maziwa. Chini yake ukanda wa kijani wa rangi ya mafuta, uliopanda hadi kifuani ili migongo ya watu isichafue ukuta. Chini kabisa, chokaa yenye ubuluu wa mbali, na shangazi akakumbuka kwamba bibi alikuwa akitia buluu ya kufulia ndani ya ndoo ya chokaa ili weupe uzidi kuwaka.

Ndani ya kidaka kimoja kulikuwa na weusi uliopanda kama ulimi. Fundi wa kwanza alikuwa amekipaka mara tatu, na mara zote tatu weusi ulirudi, maana moshi wa mafuta hupenya rangi ya maji bila shida. Tulikiosha kwa sabuni na brashi ngumu, ukapungua, haukuisha. "Hapo ndipo ilipokuwa ikikaa kandili ya mama," alisema shangazi, akatuonyesha kidaka kingine cha kwenda kuosha.

4. Vumbi la rangi kuukuu si mchezo

Hili nililijua nikiwa nimeshachelewa siku mbili. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu hugusa sakafu kisha wakatia vidole mdomoni, na risasi huharibu ubongo unaokua.

Nasi tulikuwa tunapiga msasa mkavu kwenye fremu za milango, huku wajukuu wakikimbizana ukumbini. Tulisimamisha kazi. Watoto wakahamia kwa mjomba, sisi tukavaa barakoa, tukalowesha mbao kabla ya kukwangua, na sakafu tukaipiga deki badala ya kuifagia. Magamba tuliyafunga kwenye mifuko. Usiyachome, moshi wake nao una sumu.

5. Chokaa haitaki haraka

Mzee alitufundisha kuichanganya iwe nyepesi kama maziwa. Nilidhani ananitania. Ukuta unaloweshwa kwanza kwa maji, kisha unapakwa mkono mwembamba kwa brashi pana, na unaachwa hadi kesho yake. Ukimaliza mkono wa kwanza utalia, kwa kuwa chokaa mbichi haionekani, ukuta unabaki na rangi ya maji machafu. Weupe unakuja kadiri inavyokauka na kuvuta hewa ya ukaa, hadi inarudi kuwa kitu kimoja na jiwe. Tulipaka mikono mitano. Kwenye ngazi mpwa wangu aliipaka nzito ili amalize mapema. Ilipasuka vipande vipande, na kila aliyeegemea aliondoka na bega jeupe.

Vaa glavu na ukinge macho. Mimi nilizidharau, vifundo vya vidole vikachubuka kwa wiki nzima.

Na chagua msimu. Raundi ya kwanza tulipaka mvua zikinukia. Ya pili tulingoja kipupwe, masika yameisha na jua si kali, ukuta ukakauka bila kupasuka.

6. Piga hesabu kabla ya kwenda dukani

Si kila chumba kilihitaji chokaa. Chumba cha uani kilijengwa baadaye kwa matofali ya saruji, na hicho kinavaa rangi ya maji bila malalamiko. Kina mita 3 kwa 4, na kimo cha mita 3. Mzunguko ni mita 14, mara kimo ni mita za mraba 42. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 38. Mikono miwili ni 76. Lita moja hupaka takriban mita za mraba 10 kwenye ukuta laini, kwa hiyo lita 8 zinatosha, yaani makopo mawili ya lita 4.

Ukumbini, mara ya kwanza, tulinunua kwa kukisia. Rangi ikapungua, tukafuata ndoo nyingine kesho yake. Jina lile lile, namba ile ile, lakini kila alasiri jua lilipoingia ulionekana mstari pale ndoo zilipokutana. Siku hizi nanunua zote mara moja na kuzichanganya kwenye pipa moja.

7. Nyumba kongwe haimalizwi

Sasa imepita miaka miwili. Ukuta wa ukumbi bado unatoka jasho kila masika, na chini kabisa chumvi kidogo huchomoza. Tofauti ni kwamba haitoki na malengelenge. Unaisugua kwa brashi kavu, unapaka mkono mmoja wa chokaa, asubuhi moja imekwisha. Niliposema kwamba kumbe tatizo halikupona, yule mzee alinitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini kanga hurudi kuchafuka.

Debe la chokaa iliyobaki liko chini ya ngazi, limefunikwa kwa maji ya kina cha vidole viwili ili isigande. Anasema kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Mvua zikikatika, tutalifungua.