MSAADA WA SAFARI YA SHULE: NI NANI ANAYESTAHILI?

Katika Kanja na vijiji vinavyoizunguka, huko Kaunti ya Embu kwenye miteremko ya Mlima Kenya, safari ya shule haipimwi kwa kilomita peke yake. Njia hushuka bondeni, huvuka mto, kisha hupanda mgongo wa pili. Na shule iliyo karibu kwa macho huwa mbali kwa miguu. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na wakati wa vuli, tangu Oktoba hadi Desemba, udongo huteleza na mito huongezeka maji. Basi si ajabu mzazi akiuliza: Je, Serikali haina wajibu wa kumchukua mtoto bure toka nyumbani hadi shuleni?

Swali hilo lina jibu, nalo yafaa lijulikane vizuri. Mzazi asiyeijua haki yake huinyamazia. Na mzazi anayedhani ana haki ambayo haipo hupoteza siku zake kwa kungoja.

Neno “bure” lina maana gani

Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinasema kwamba kila mtoto ana haki ya kupata elimu ya msingi iliyo bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza shule ya umma kumtoza mzazi karo ya mafunzo. Kabla ya hapo, karo ya shule za msingi ilikuwa imeondolewa Januari 2003, na karo ya mafunzo katika shule za sekondari za kutwa mwaka 2008. Mwaka 2018 Serikali ilitangaza kwamba itatoa shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma.

Lakini neno “bure” hapo lahusu mafunzo. Halikutaja nauli. Ni kweli kwamba katika mafungu ya fedha za shule limo fungu la usafiri. Lakini fungu hilo ni la shughuli za shule yenyewe, wala si nauli ya mtoto ya asubuhi na jioni. Kadhalika basi la shule. Tangu sheria ya mwaka 2017 mabasi ya shule sharti yapakwe rangi ya manjano, na kila mtu huyatambua yapitapo njiani. Mzazi aonapo basi kama hilo asidhani kwamba sheria imempa mtoto wake kiti ndani yake. Katika Kenya hakuna sheria inayoiagiza Serikali imlipie kila mwanafunzi safari ya kwenda na kurudi.

Sheria ina pande mbili

Jambo hili lisimkatishe mzazi tamaa, kwa kuwa sheria ya mwaka 2013 ina pande mbili, na watu wengi huujua upande mmoja tu.

Upande wa kwanza wamfunga mzazi. Kifungu cha 30 kinamlazimisha kumpeleka mtoto wake shuleni siku zote. Asiyefanya hivyo ametenda kosa, na akihukumiwa aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili.

Upande wa pili waifunga Serikali. Kifungu cha 28 kinamwagiza Waziri wa Elimu, akishauriana na bodi za elimu, ahakikishe kwamba shule zinajengwa mahali panapofikika kwa umbali wa kadiri katika kila kaunti. Tena katika sehemu kame na zilizo vigumu kufikiwa, sheria inataka ziwepo shule za bweni za msingi zinazofaa.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Adhabu ya mzazi imetajwa kwa shilingi na kwa miezi. Umbali wa mtoto haukutajwa kwa kilomita. “Umbali wa kadiri” ni maneno matupu mpaka mtu ayapime. Asipojitokeza mtu wa kuyapima, mzigo wote humwangukia mtoto aamkaye gizani.

Jinsi Uingereza walivyopima

Yafaa kutazama nchi iliyoweka kipimo. Katika Uingereza sheria ya elimu ya mwaka 1944 ilitumia maili 2 kwa mtoto asiyetimiza miaka 8, na maili 3 kwa mwenye miaka 8 na zaidi. Vipimo hivyo vimebaki katika sheria ya mwaka 1996. Maili 2 ni kama kilomita 3.2, maili 3 ni kama kilomita 4.8. Mtoto akisoma katika shule ya karibu inayomfaa, na shule hiyo ikiwa mbali kuliko kipimo, halmashauri ya mahali hulazimika kumsafirisha bure. Watoto wa jamaa maskini wamewekewa masharti mepesi zaidi. Mtoto mwenye ulemavu asiyeweza kwenda kwa miguu, na yule ambaye njia yake ni ya hatari, huweza kusaidiwa hata kama umbali haufiki kipimo.

Hata hivyo kipimo peke yake hakikumaliza shauri. Mwaka 1986 mahakama kuu kuliko zote za nchi hiyo iliamua kesi ya msichana ambaye njia yake fupi haikufika maili 3, lakini ilipita mahali pa upweke pasipo taa. Mahakimu walisema kwamba njia yahesabiwa kuwa inapitika iwapo mtoto, akifuatana na mtu mzima kama ikibidi, aweza kuipita kwa usalama wa kadiri. Mwaka huo huo sheria ikarekebishwa, halmashauri zikaagizwa zifikiri pia umri wa mtoto na hali ya njia yenyewe. Kwa hiyo mambo ya kupima ni matatu: urefu wa njia, umri wa mtoto, na hatari iliyoko.

Mfano kwa watu wa Kanja

Ichukuliwe mfano wa nyumba iliyo kilomita 3.5 kutoka shuleni kwa njia ya miguu. Humo mna watoto wawili, mmoja wa miaka 7 na mwingine wa miaka 9. Kwa kipimo cha Uingereza yule mdogo angesafirishwa bure, maana kilomita 3.5 zazidi maili 2. Mkubwa asingestahili kwa umbali tu, kwa kuwa maili 3 hazijatimia. Lakini kama njia ina mto unaofurika wakati wa mvua na hauna daraja, shauri la mkubwa nalo lingefikiriwa.

Kipimo hicho si sheria ya Kenya, wala mzazi hawezi kukidai mbele ya hakimu. Lakini chamfundisha namna ya kulieleza shauri lake. Anayesema “shule iko mbali” hujibiwa kwa maneno. Anayesema “mtoto wangu ana miaka 7, huenda kilomita 3.5, huvuka mto mmoja usio na daraja, na katika muhula uliopita alikosa siku 11” amewapa wakubwa jambo la kuamua.

Mzazi afanyeje

Kwanza, aipime njia anayopita mtoto, si ile ya gari, na kuandika siku zilizokosekana pamoja na sababu zake.

Pili, amweleze mwalimu mkuu mapema. Sheria inamtaka mwalimu mkuu achunguze sababu ya mtoto kukosa shule kabla ya kumpelekea mzazi onyo la maandishi. Mzazi aliyekwisha kueleza habari zake hataonekana kuwa mzembe.

Tatu, wazazi wa njia moja wapeleke shauri pamoja kwa Bodi ya Usimamizi wa shule, na kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Si lazima waombe basi. Pengine daraja la miguu litafaa zaidi, au darasa jipya katika shule iliyo karibu. Mwezi Desemba 2022 Serikali iliamua kwamba Gredi ya 7 hadi ya 9 zikae katika shule za msingi. Hivyo watoto wengi wakaendelea kusoma karibu na kwao. Ukaribu wa shule ni msaada wa safari usiohitaji petroli.

Nne, mzazi asichanganye bursari na nauli. Kwa kawaida bursari hupelekwa kwa shule yenyewe ili kulipia karo, wala haipewi mtoto mkononi.

Tano, mzazi wa mtoto mwenye ulemavu asikae nyuma. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika katika mahali pa elimu, na kutumia vyombo vya usafiri wa umma kwa kadiri ifaayo. Mtoto apelekwe kwenye kituo cha kupima mahitaji ya elimu, kazi iliyoanzishwa Kenya mwaka 1984, na aandikishwe kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo husaidia kwa vifaa kama viti vya magurudumu.

Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Sheria imemwamuru mzazi ampeleke mtoto shuleni. Basi ni haki yake kuuliza, kwa adabu na kwa hesabu iliyo sahihi, kama shule nayo imewekwa mahali ambapo mtoto aweza kufika.

Maswali ya kujifunza

1. Sheria ya mwaka 2013 inamlazimisha mzazi kufanya nini, na inamwagiza Waziri kufanya nini?

2. Mtoto wa miaka 6 huenda kilomita 4 asubuhi na kilomita 4 jioni. Kwa juma la siku 5 huenda kilomita ngapi? Kwa kipimo cha Uingereza, je, angestahili kusafirishwa?

3. Katika kijiji chenu, ni lipi lingewafaa watoto zaidi: basi, daraja, au darasa jipya? Toeni sababu.