Kunasa molekuli moja kwa tundu la protini

Kosa la anayeanza kazi hii ni haraka ya kutia sampuli. Utando wa lipidi umeshika, tundu la protini limeingia, mstari wa mkondo wa umeme umetulia kwenye skrini, na mkono tayari uko kwenye pipeti. Ngoja. Rekodi kwanza dakika kumi za bafa tupu. Tundu lenyewe hujifunga na kujifungua, hasa volti ikizidi, na ukishatia sampuli hutajua kipi ni molekuli yako na kipi ni ukaidi wa protini.

Nazungumzia alfa-hemolisini, sumu ambayo bakteria Staphylococcus aureus hutobolea chembe nyekundu za damu; basi vaa glavu. Vipande vyake saba hujiunga kuwa kitu kama uyoga wenye shimo katikati, na penye wembamba kabisa pana nanomita 1.4 hivi. Ndilo tundu ambalo John Kasianowicz, Daniel Branton, David Deamer na mwenzao walipitishia nyuzi za RNA na DNA mwaka 1996. Katika potasiamu kloridi ya mola 1, kwa milivolti 100, hupitisha pikoampea 100 hivi. Ni umeme kiduchu, lakini ni ioni zaidi ya milioni 600 kila sekunde. Molekuli moja ikisimama mlangoni, foleni yote hiyo inakwama.

Utando ndio unaokula asubuhi za watu. Chukua kipande chembamba cha tefloni chenye kitobo cha mikromita 100, kipake heksadekeni kidogo iliyoyeyushwa kwenye penteni, kisha kiweke kati ya vyumba viwili vya maji ya chumvi. Tandaza lipidi juu ya maji, uyapandishe polepole yapite kitobo, upande mmoja kisha wa pili. Mafuta yakizidi, utando unakuwa mzito na protini haiingii, yakipungua, unapasuka. Tazama kapasitansi: ikipanda kisha ikatulia, utando umekonda vya kutosha. Hapo tia protini, kidogo sana, upande mmoja tu. Mkondo ukiruka ghafla kutoka karibu na sifuri hadi pikoampea 100, badilisha bafa ya upande huo upesi uoshe protini iliyobaki. Ukiona 200, yameingia mawili. Vunja uanze upya, wala usijidanganye kwamba utagawa kwa mbili.

Mstari ukicheza mara 50 kwa sekunde, huo ni umeme wa ukutani. Funga sanduku la chuma, kagua waya wa ethi, na simu yako ikae mbali.

Sasa tia sampuli. Kila molekuli inapoingia, mkondo hushuka kisha hurudi. Pima umeshuka kiasi gani na umekaa chini muda gani. Kimoja peke yake hakitoshi, maana molekuli mbili zinaweza kuziba sawasawa, ila moja ikang'ang'ania zaidi. Weka kila tukio kama nukta kwenye mchoro wa vipimo hivyo viwili, na makundi yatajitenga yenyewe. Jihadhari na chujio la mashine: likiwa kwenye kilohezi 10, tukio la chini ya mikrosekunde 70 hivi huonekana limeshuka kidogo kuliko ukweli.

Kabla hujashangilia, ongeza sampuli maradufu. Ikiwa ni molekuli yako kweli, matukio yatakuja mara mbili zaidi, lakini muda wa kukaa ndani hautabadilika. Vikibadilika vyote, au kisibadilike chochote, shuku bafa, shuku tundu, shuku na pipeti.

Na ikiwa molekuli ni ndogo mno, inapita bila kugusa? Kundi la Hagan Bayley lilionyesha mwaka 1999 kwamba pete ya sukari iitwayo beta-saiklodekstrini hukaa ndani ya tundu, ikalibana na kuipa molekuli mahali pa kushikilia. Ila pete nayo huingia na kutoka, kwa hiyo utarudi kule kule mwanzo: dakika kumi za kurekodi, safari hii pete ikiwemo na sampuli ikiwa bado kwenye barafu.