Vita Vilipoingia Ghalani

Mtoto akiulizwa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipiganwa wapi, hujibu upesi: Ulaya. Akizidi kuulizwa, huenda akataja Tanga. Chamwino hataitaja. Walakini katika nchi hii kavu ya Ugogo, wanayoipita leo wasafiri wa treni wakitazama mibuyu na mashamba ya uwele, vita vile viliua watu wengi sana kuliko mapigano ya Tanga. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa kwa njaa. Yafaa basi tujifunze jinsi jambo hilo lilivyotokea.

MWENDO WA VITA

Vita vilianza Agosti 1914. Mwezi wa Novemba mwaka ule Waingereza walijaribu kuiteka Tanga, wakashindwa. Mwanzoni mwa 1916 Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini alishika uongozi wa majeshi ya Waingereza, akaingia kwa upande wa Kilimanjaro. Jenerali van Deventer, aliyekuwa chini yake, aliteka Kondoa Irangi mwezi wa Aprili, katikati ya masika. Tarehe 29 Julai 1916 majeshi yake yalishika Dodoma na reli yake. Mwezi wa Agosti yalielekea mashariki, Mpwapwa na Kilosa, yakipita katika nchi ambayo siku hizi ni Wilaya ya Chamwino.

Wajerumani, wakiongozwa na von Lettow-Vorbeck, walirudi nyuma kusini, wakavuka Ruvuma Novemba 1917, wakaweka silaha chini huko Abercorn, yaani Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Kwa mwenye kusoma ramani, vita viliondoka Ugogo mwaka 1916. Kwa mwenye kuishi Ugogo, ndipo vilipoanza kuuma.

AKIBA YA MGOGO

Ili tufahamu sababu, hatuna budi kwanza kujua namna watu wa nchi hii walivyoishi. Ugogo hupata msimu mmoja tu wa mvua, kama toka Desemba hata Aprili, na mara nyingi mvua hiyo hudanganya. Wazee walilijua hilo, wakajikinga kwa vitu vitatu. Cha kwanza ni ghala ya uwele na mtama. Cha pili ni zizi: mwaka wa neema nafaka ilinunua ng'ombe, na mwaka wa shida ng'ombe alipelekwa kwa wenye nafaka akarudi chakula. Cha tatu ni mikono ya vijana, ya kulima mvua inaponyesha na ya kwenda mbali kutafuta chakula isiponyesha. Basi ukame wa mwaka mmoja uliwatesa watu, lakini uliwakuta wamejiandaa.

Vita vilivunja kinga zote tatu. Wajerumani, waliozibiwa njia ya bahari na manowari za Waingereza, walilisha jeshi lao kwa mali ya nchi. Walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Walipoondoka, Waingereza walikuja na madai yale yale.

Kwa nini walitaka wanaume wengi hivyo? Kwa sababu farasi na nyumbu waliletwa kwa maelfu, wakafa kwa ndorobo. Ikabaki mizigo kuchukuliwa vichwani. Naye mpagazi lazima ale njiani. Kadiri safari ilivyorefuka, ndivyo sehemu kubwa ya mizigo ilivyokuwa chakula cha wapagazi wenyewe, na ndivyo wapagazi wengine walivyozidi kutafutwa. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliohesabiwa kufa walizidi 40,000, wengi kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Upande wa Wajerumani hapana hesabu kamili.

MTUNYA

Ndipo mvua zikaharibika. Mkulima alikwenda ghalani, akakuta patupu. Alikwenda zizini, akakuta wachache au hakuna. Alimtafuta mwanawe wa kulima, akaambiwa amekwenda na mizigo wala hajarudi. Njaa iliyofuata, toka 1917 hata 1920, Wagogo waliiita Mtunya, jina ambalo wanahistoria wamelifasiri kuwa ni kunyang'anyana. Watu walikula mizizi na majani ya porini. Wengine walihama. Wako wazazi waliowaweka watoto wao rehani kwa wenye nafaka, ili angalau mtoto apate kula. Mwishoni mwa 1918 homa ya mafua iliyoenea dunia nzima iliingia, ikaikuta miili isiyo na nguvu.

Wanahistoria wamekadiria ya kwamba walikufa watu 30,000 kati ya watu 150,000 wa Ugogo. Ndiyo kusema mmoja katika kila watano. Fikirini nyumba ya baba, mama na watoto watatu wanaozunguka chungu kimoja, kisha mmoja wao hayupo.

TUJIFUNZE NINI?

Katikati ya Dar es Salaam iko sanamu ya shaba ya askari mwenye bunduki, iliyosimamishwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawakumbuka askari, na wapagazi pia. Ni haki. Lakini mama wa Mvumi au Buigiri aliyekufa karibu na ghala tupu hamo katika maandishi yale, kwa kuwa hakuitumikia dola yoyote. Alichukuliwa chakula tu.

Hatusemi kwamba vita vilizuia mvua. Ugogo ulijua njaa kabla ya 1914, na umeijua tena baadaye. Tunasema kwamba ukame ulimkuta mtu aliyekwisha kunyang'anywa kinga yake. Anayesema "mvua ilikosekana" amesema kweli, lakini amesema nusu tu, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye watu wa kuulizwa.

Jambo hili si la zamani tu. Nchini Sudan vita vilianza Aprili 2023, na mwezi wa Agosti 2024 baa la njaa lilithibitishwa katika kambi ya Zamzam, Darfur. Basi tusomapo hesabu ya waliouawa vitani, tuulize pia: ghala zao zi wapi, mifugo yao i wapi, nani atalima msimu ujao?

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika ukoo wetu, nani alisimuliwa habari za wapagazi au za Mtunya? Je, habari hizo zimeandikwa?

2. Kinga ya nyumba yetu dhidi ya mwaka mbaya ni ipi, na nini kinaweza kuivunja?

3. Akija kwetu mtu aliyekimbia vita, twamwuliza kwanza kabila lake, au kama amekula?