Usingizi wa kijana hautokani na mwezi aliozaliwa

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Usiku analala mapema, lakini darasani anasinzia hata akiandika, mpaka mwandiko unatoka nje ya mstari. Akicheka sana magoti yanalegea. Juzi aliangusha sahani. Nimesikia kwamba waliozaliwa Machi hupata ugonjwa wa usingizi, naye ni wa Machi. Ni kweli?
Mama, Morogoro

JIBU: Mama, habari hiyo ina chanzo chake. Mwaka 2003 watafiti walichunguza wagonjwa 886 wa narkolepsi, yaani huo ugonjwa wa usingizi, kutoka Ufaransa, Kanada na Marekani, wakakuta waliozaliwa Machi wamezidi na wa Septemba wamepungua. Lakini mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi walipochunguza wagonjwa wa kwao, tofauti hiyo hawakuiona. Na Machi ya Montreal, Kanada, bado ni baridi kali, yako wewe ni masika. Usijilaumu kwa tarehe ya kujifungua.

Kilichonishtua mimi ni yale magoti. Misuli kulegea ghafla kwa kicheko, huku mtu ana fahamu zake zote, ni jambo adimu sana nje ya narkolepsi. Wengi huambiwa ni kifafa, wengine kwamba wamerogwa. Ukweli ni kwamba ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza oreksini, kemikali inayotuweka macho. Seli hizo zikifa, usingizi huja wakati wowote. Yaelekea kinga ya mwili ndiyo huziua, kwa wenye urithi fulani, na maambukizi yanaweza kuichochea: China, wagonjwa wapya waliongezeka baada ya mlipuko wa mafua ya nguruwe wa 2009. Muulize pia kama hukabwa na jinamizi anapoanza kulala au anapoamka, maana hiyo nayo ni dalili.

Mpeleke hospitali ya rufaa, kwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Habari ya magoti itangulie, na ukiweza mrekodi kwa simu. Daktari ataangalia pia kama ana upungufu wa damu, au kama anakoroma na kukatika pumzi usiku. Narkolepsi haina tiba ya kuimaliza, ila dawa za kumsaidia asome na kuishi vizuri zipo.

Kwa sasa asiogelee peke yake, wala asipande baiskeli barabarani. Nenda shuleni ukaombe aruhusiwe kulala dakika 15 hadi 20 mchana. Na tafadhali, mwalimu asimchape. Mtoto huyu si mvivu, ni mgonjwa.