Kutafuta Sababu kwa Dalili, si kwa Dhana

Katika somo hili twataka kueleza namna impasavyo mtu kuliendea jambo gumu ili aijue sababu yake. Wengi wetu, likitufika jambo, hushika neno la kwanza tulilolisikia, kisha tukakusanya dalili za kulitia nguvu. Na zile zinazolipinga tukazifumbia macho. Twatoa mfano mmoja wa njia iliyo kinyume cha hiyo.

Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kiliushukia mtaa wa Soho, mjini London, na kwa muda wa siku kumi hivi wakafa watu zaidi ya 500. Zama hizo matabibu wengi waliamini kuwa maradhi hayo hutokana na hewa iliyooza. Dhana hiyo haikuwa ya kipumbavu, kwani penye uvundo ndipo walipokufa watu. Lakini tabibu John Snow alishuku maji. Akaenda akiuliza waliokufa walikuwa wakiteka wapi, akaona kuwa wengi wao waliteka katika bomba la Broad Street.

Lau angalikomea hapo, hoja yake ingalikuwa nusu, maana wenye kuteka bombani walivuta pia hewa ya mtaa ule ule. Basi akawatazama waliotoka nje ya kanuni. Karibu na hapo palikuwa na nyumba ya maskini yenye watu 535, wala hawakufa kwa kipindupindu ila 5. Nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake. Katika kiwanda cha pombe cha mtaa huo hakufa mfanyakazi hata mmoja. (Hatulitaji hili kwa kuisifu pombe! Kiwanda nacho kilikuwa na kisima chake.) Na ajabu zaidi ni mjane mmoja wa Hampstead, mbali na Soho, ambaye hakuukanyaga mtaa ule kwa miezi, naye akafa; kumbe aliyapenda maji ya bomba lile, akiletewa kila siku kwa gari. Hewa ya Soho haikumfikia, maji yalimfikia.

Nasi wa miji ya pwani, ambao visima vyetu na vyoo vya shimo aghalabu vimo katika ua mmoja, wakiugua watoto tusiridhike kuambiwa ni upepo. Tuulize: waliougua wamekunywa wapi, na wasiougua wamekunywa wapi?

Tarehe 8 Septemba mpini wa bomba ukaondolewa. Watu hupenda kusimulia kuwa ndipo maradhi yalipokoma. Snow mwenyewe hakudai hivyo; aliandika kwamba yalikwisha anza kupungua, kwa kuwa wakazi wengi walikuwa wamehama. Hiyo ndiyo insafu, mtu kuiacha hata hoja yenye kumfaa ikiwa haijathibiti.

Tena alikuwako kasisi wa mtaa, Henry Whitehead, asiyeyasadiki maneno ya Snow, akaingia kuchunguza ili ayabatilishe. Akauliza na kurudia kuuliza, mpaka uchunguzi wake ukamgeuza. Ni yeye aliyepata habari ya mtoto mchanga aliyeugua kabla ya wote, katika nyumba iliyo kando ya bomba, na maji ya nguo zake yakamwagwa shimoni. Shimo hilo lilipofukuliwa mwaka 1855, matofali yake yalionekana yamelegea, na kutoka hapo hadi kisimani hapakutimia futi 3.